Maji Moto ya Bogoria au Matope ya Mikindani: Wapi pa Kufanyia Mradi wa Vijiumbe?

Mpwa wangu alikuja Ijumaa baada ya swala. Kahawa haijamiminwa, ashaanza: "Mjomba, nimepewa wiki tatu nipeleke mada ya mradi. Mimi nataka Bogoria, lile ziwa la Bonde la Ufa lenye chemchemi za maji moto."

"Kwa nini Bogoria?"

"Maji yanachemka, na bado mna viumbe hai ndani yake."

Jibu zuri. Nikamuuliza nauli italipwa na nani, akainamia kikombe.

Nimefanya kazi maabara miaka mingi hapa Mombasa. Sikuwa mtafiti, nilikuwa yule mtu wa kuosha chupa, kuchanganya kemikali na kugombana na wanaoacha mlango wa friji wazi. Wanafunzi wanaotaka kusoma vijiumbe na mzunguko wa virutubisho huja na ndoto ile ile ya chemchemi za maji moto, ilhali wamepita kando ya mikoko wakija darasani. Sisemi ndoto ni mbaya. Haya hapa niliyomwambia, pamoja na yale niliyoyakumbuka alipokwisha panda tuktuk.

Mkeka na ghorofa

Kazi ya vijiumbe ni moja kote. Wanachukua kaboni, naitrojeni, salfa na fosforasi, wanazigeuza sura, na taka ya huyu inakuwa chakula cha yule. Kinachotofautiana ni namna kazi hiyo ilivyopangwa mahali.

Kwenye chemchemi imetandikwa kama mkeka. Maji yanatoka kwenye jicho yakiwa yanatokota, kisha yanapoa kadiri yanavyotiririka kuelekea ziwani. Bogoria iko karibu mita 990 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji yake huchemka kwenye nyuzi 97 hivi, si 100. Watalii huchemshia mayai pale pale. Karibu na jicho huoni kijani. Juu ya nyuzi 73 au 74 hakuna kiumbe anayejulikana anayeweza kujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua, basi waliopo hapo wanaishi kwa kemia: haidrojeni, salfaidi, chochote kinachopanda na maji kutoka chini ya ardhi. Teremka hatua chache, joto likishuka, ndipo utando wa kijani unapoanza. Hiyo ni sianobakteria, bakteria wanaojitengenezea chakula kwa jua kama mimea. Teremka tena, utando unakuwa mnene, wenye rangi ya chungwa na kutu. Ukisimama pembeni unausoma mpaka wa joto kwa macho.

Kwenye matope ya mikoko ya Mikindani, mtaa wa hapa hapa Mombasa, kazi hiyo hiyo imesimamishwa kama nyumba ya ghorofa. Chukua paipu ya plastiki, isukume ndani ya matope, ziba mdomo wa juu kwa kiganja, ivute taratibu. Ukiyasukuma matope yatoke utaona juu pana rangi ya kahawia, unene wa milimita chache tu. Chini yake kijivu. Chini zaidi weusi tititi, na harufu ya yai viza inakupanda puani. Pale kahawia inapokwisha ndipo oksijeni inapokwisha. Kutoka dunia yenye hewa hadi dunia isiyo na hewa ni upana wa ukucha wako.

Kwangu hilo ndilo la kuamulia. Swali lako likiwa juu ya joto, uhai unafika nyuzi ngapi na nani anaacha kazi wapi, mkeka wa Bogoria unakujibu vizuri kuliko pahali popote hapa nchini. Likiwa juu ya mzunguko wenyewe, nani anampokeza nani, ghorofa ya Mikindani ina vyumba vingi zaidi, na iko umbali wa matatu moja.

Salfa: hapa Mikindani inashinda

Nitakaa hapa kidogo, maana ndipo wanafunzi wengi wanapoteleza.

Lita moja ya maji ya bahari imebeba karibu gramu 2.7 za salfeti. Maji yakijaa mara mbili kwa siku, bahari inaimwagia mikoko salfeti bure. Sasa fikiria sinia la pilau na watu wamelizunguka. Nyama inakwenda kwanza, kisha viazi, kisha wali, mwisho watu wanakwangua ukoko. Bakteria wanaooza majani ya mkoko nao wana mpangilio. Wanaanza na oksijeni kwa sababu ndiyo inayolipa zaidi. Ikiisha, naitreti. Kisha manganisi, kisha chuma, kisha salfeti. Methani ndiyo ukoko: inatengenezwa kwa wingi pale tu vingine vyote vilipokwisha. Na kwa kuwa salfeti ya bahari haiishi upesi, wanaoitumia huwapokonya chakula watengenezaji wa methani. Ndiyo maana matope ya mikoko ya maji chumvi hutoa methani kidogo kuliko kinamasi cha maji baridi, ingawa yote yananuka.

Weusi ule una sababu yake. Bakteria akipumua kwa salfeti anatoa haidrojeni salfaidi, nayo ikikutana na chuma inakuwa salfaidi ya chuma, nyeusi kama masizi. Usiishie kuandika "udongo mweusi" kwenye daftari. Andika weusi umeanza sentimita ngapi chini, kwenye tundu la kaa na mbali na tundu la kaa. Kaa anapochimba anateremsha hewa, na ukuta wa tundu lake unakuwa kahawia katikati ya weusi. Nimeona mradi mzuri uliojengwa juu ya hilo peke yake, kwa rula na subira.

Fosforasi inaingia kupitia mlango huo huo, na wengi hawaioni. Chuma kikiwa na oksijeni kinaishikilia fosifeti. Salfaidi ikikinyakua chuma, fosifeti inaachiwa. Kwa hiyo ukipima fosifeti kwenye maji ya ndani ya matope utaikuta ikipanda kadiri unavyoshuka, na aliyeifungulia mlango ni salfa.

Bogoria ni magadi. Maji yake yamejaa sodiamu na bikaboneti, ni ya uchungu wa sabuni zaidi kuliko asidi. Picha za madimbwi ya asidi yanayotokota salfa, zile za mbuga ya Yellowstone huko Marekani, si picha ya Bogoria. Ukiandika kwenye pendekezo lako kwamba unakwenda kutafuta vijiumbe waitwao Sulfolobus huko, msimamizi mwenye macho atakurudishia karatasi, kwani hao wanataka asidi.

Naitrojeni na kaboni

Kwenye naitrojeni nasitasita, kila upande una lake.

Maji moto yana uzuri wa kuonyesha kazi ikikatika. Arkea (kijiumbe anayefanana na bakteria ila si bakteria) anayeitwa Nitrosocaldus yellowstonii, aliyetangazwa mwaka 2008, anageuza amonia kuwa naitraiti hadi kwenye nyuzi 74 hivi. Kwenye utando uliopoa zaidi kuna sianobakteria wanaonasa naitrojeni ya hewani, na huko Yellowstone imeonekana wengine wakifanya hivyo usiku, oksijeni ya mchana ikiwa imepungua, kwa sababu kimeng'enya chao, yaani enzaimu inayofanya kazi hiyo, hakipatani na oksijeni. Mwanafunzi anayeweza kukesha kando ya chemchemi na kuchukua sampuli kila saa tatu ana mradi mkononi. Wangapi wanaweza kukesha, sijui. Nilipokuwa kijana niliweza.

Mikindani ina tatizo lake, na usijifanye hulioni. Maji taka ya mitaa yanateremka kupitia mikoko hadi hori ya Tudor. Amonia utakayoipima haitokani na majani peke yake. Ukitaka kujua msitu unafanya nini ukiachwa wenyewe, Mikindani itakudanganya. Nenda Gazi, kusini, ambako wanakijiji wameuza hewa ya kaboni ya mikoko chini ya mradi wa Mikoko Pamoja tangu miaka ya 2010, na Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi (KMFRI) ina kituo chake. Lakini kama swali lako ni matope yanawezaje kumeza uchafu wa mji, basi Mikindani si tatizo tena, ndiyo mada. Naitreti inayotengenezwa kwenye ngozi ile ya kahawia ikishuka milimita chache tu inakutana na bakteria wanaoigeuza kuwa gesi ya naitrojeni, ikarudi hewani. Msitu unausafisha mji bila malipo, kwa kiasi chake. Ni kiasi gani? Mpwa wangu hapo ndipo alipoacha kuchezea simu.

Kaboni nitaipita haraka. Bogoria ina ziwa pembeni lenye Arthrospira, ile iitwayo spirulina, na heroe wanaoila. Ni mnyororo mfupi unaoonekana kwa darubini ya mbali. Mikindani ina jani, kaa, bakteria, na akiba ya kaboni iliyofukiwa miaka mingi kwa sababu pasipo hewa kuoza kunakwenda polepole.

Nani ni rahisi kumsoma kwenye DNA

Hapa Bogoria inashinda wazi. Penye joto kali wanaoweza kuishi ni wachache, kwa hiyo orodha ya majina utakayoletewa na maabara ya DNA ni fupi na unaweza kuieleza. Kijiko kimoja cha matope ya Mikindani kitakurudishia maelfu ya majina, mengi yao hayajawahi kukuzwa kwenye sahani ya maabara yoyote. Nimewaona vijana wakikaa mbele ya jedwali la namna hiyo kama mtu aliyeletewa hesabu ya harusi isiyo yake.

Halafu kuna heshima ya historia. Thomas Brock alimpata Thermus aquaticus kwenye chemchemi za Yellowstone, akamtangaza mwaka 1969 pamoja na Hudson Freeze aliyekuwa mwanafunzi wake. Kimeng'enya cha bakteria huyo hakiharibiki kwenye joto, ndicho kilichoifanya PCR, njia ya kunakili DNA mara nyingi, iwe kazi ya mashine badala ya mateso, na PCR ikampa Kary Mullis sehemu ya Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1993. Kila aliyechokonolewa pua hapa Mombasa mwaka 2020 akapimwa korona kwa PCR, deni lake linafika hadi kwenye maji moto.

Kwetu pia kuna kisa. Mwaka 2004 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) lilijitokeza kudai mgao kutokana na vimeng'enya vya vijiumbe wa maziwa ya magadi ya Kenya, vilivyokuwa vikitumika viwandani kulainisha na kupausha jinzi. Nikipita Kongowea nikaona marundo ya jinzi zilizopauka, huwa nacheka peke yangu: huenda rangi imetolewa na mtoto wa Bonde la Ufa.

Njia, ruhusa na saa

Bogoria kutoka hapa ni zaidi ya kilomita 700: Nairobi, Nakuru, Marigat, kisha lango la Loboi. Utakwenda mara moja, labda mbili. Mzunguko wa virutubisho ni kitu kinachokwenda. Ukipiga picha moja unapata sura, hupati mwendo. Mikindani unaweza kwenda mara kumi, kiangazi na masika, na ukikosea Jumatatu unarudi Jumanne. Kwa mwanafunzi wa shahada ya kwanza hili peke yake linazidi mengine yote uzito, hata kama halina ladha ya safari.

Jambo la pili: ziwa limepanda. Katika miaka ya karibuni maji ya Bogoria yamefunika baadhi ya chemchemi zilizoandikwa sana kwenye makala za zamani. Usipange sampuli kwa ramani ya mwaka 1995. Piga simu kwa askari wa hifadhi kwanza.

Ruhusa nazo. Kote kuwili utahitaji leseni ya utafiti ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi. Bogoria ni hifadhi iliyo chini ya kaunti ya Baringo, na ni ardhi ya Waendorois, ambao Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliwapa haki katika kesi yao, uamuzi ukatoka hadharani mwaka 2010. Chemchemi hizo kwao si maabara. Kajitambulishe, usiingie na chupa zako kama mwizi. Mikoko nayo ni msitu wa serikali tangu mwaka 1932, kwa hiyo ofisi ya misitu (KFS) inahusika, pamoja na kikundi cha jamii kinachotunza pale utakaposhuka. Na ukitaka kupeleka DNA nje ya nchi kusomwa, kutoka popote, anza na NEMA, mamlaka ya mazingira, mapema, si wiki ya mwisho.

Hatari zinatofautiana. Bogoria ukoko wa ardhi karibu na jicho unaweza kuwa mwembamba na chini yake maji yanachemka. Chupa hufungwa kwenye fimbo ndefu, mtu hainami. Mikindani hatari ni maji kukujazia nyuma na chupa zilizovunjika ndani ya matope. Gambuti, si ndala. Nenda wakati wa bamvua, ambapo hapa kwetu maji hupwa kabisa kama saa nne au saa tano za asubuhi, ukapata saa mbili nzuri za kazi. Wakati wa maji mafu hutafika mbali, na maji yakipwa yatakuwa yamepwa alfajiri au alasiri.

Nikuambie na kosa langu. Mara niliyofuatana na watafiti Bogoria, mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuandika majina kwenye chupa. Nikaandika kwa kalamu ya wino, mwandiko mzuri kabisa. Mvuke ukaosha. Jioni tulikuwa na chupa ishirini na nne zinazofanana kama mayai, na wazee watatu wananitazama. Tangu siku hiyo naandika kwa penseli, juu ya karatasi ngumu, na nyingine naitia ndani ya mfuko. Tena pH, kipimo cha asidi na magadi, ipime pale pale. Maji ya magadi yakipoa na kupoteza gesi namba inahama, na ukiipima Mombasa umepima safari.

Je, Kwale?

Kuna anayeuliza kila mara. Ndiyo, Kwale kuna chemchemi za maji moto, Mwananyamala, upande wa kilima cha Dzombo. Ni karibu na ni za Pwani. Lakini machapisho ya kulinganisha nayo ni machache mno ukiyaweka kando ya Bogoria, na mwanafunzi anayeanza anahitaji bega la kusimamia. Kwa shahada ya uzamili ningekwambia nenda mbio kabla hajatangulia mwingine. Kwa mradi wa miezi minne, hapana.

Nilichomchagulia

Nilimwambia Mikindani, vituo vitatu: pale maji taka yanapoingilia, katikati ya msitu, na ukingoni mwa hori. Amonia, naitreti, fosifeti, kina cha weusi, kila bamvua kwa miezi minne. DNA kwa sampuli sita tu, kama pesa zitapatikana. Angekuwa na msimamizi mwenye gari, fedha na swali juu ya vimeng'enya vya joto, ningemfungia mkoba wa Bogoria mwenyewe.

Hakufurahi. Nikamtoa kibarazani nikamwonyesha chupa yangu ya maji ya lita tano, iliyokatwa shingo. Nilijaza matope meusi niliyoletewa na jirani mvuvi, nikachanganya gazeti lililochanwachanwa kuwa kaboni, ganda la yai, kiini cha yai kilichochemshwa kwa ajili ya salfa, nikamimina maji ya hori juu, nikafunika kwa nailoni na kuiweka dirishani isipigwe na jua moja kwa moja. Ni kifaa cha Sergei Winogradsky, Mrusi ambaye katika miaka ya 1880 alionyesha kwamba kuna bakteria wanaoishi kwa kula salfaidi. Wiki mbili za kwanza palikuwa na matope tu na lawama za mke wangu. Sasa ni wiki ya tisa. Juu kijani, chini weusi, na katikati, upande unaotazama dirisha, pamechomoza doa la zambarau kama zambarau iliyopondwa. Hao wanatumia mwanga na salfaidi, hawatoi oksijeni hata tone.

Akaichuchumalia, akaipiga picha, akaigusa kioo cha simu kuikuza.

"Hii umeitoa Mikindani?"

"Nyuma ya nyumba za Mikindani."

"Inanuka, mjomba."

"Bamvua ni Jumatano. Njoo na gambuti."